Kijiko cha Ubatizo Kilichoenda Kuvua

Binti yangu alipobatizwa tulifanya tafrija uani kwetu, Mwanga, katika mji wa kando ya ziwa, na MC tuliyemkodi alikuwa na kipaza sauti cha kuamsha soko zima. Wageni walikuja mezani mmoja mmoja wakicheza, zawadi kichwani: mabeseni, vitenge, dumu la mawese, jogoo aliyefungwa miguu na kuchukia shughuli nzima. Mama wa ubatizo alikuja mwisho. Hakucheza. Alishika kikasha kidogo kwa mikono miwili. MC akakifungua, akachungulia, akatangaza, "Kijiko!"

Watu wakasubiri kusikia ni dazeni ngapi.

"Kimoja," akamalizia, akakitikisa kikasha ili ajiridhishe. Mama yangu mzazi akaninong'oneza kwamba labda vingine vimesahaulika kwenye bodaboda.

Kilikuwa kijiko cha fedha halisi, cha kizamani, kidogo, mpini wake umechongwa majani. Mama wa ubatizo anaishi Simbo, lakini kwao ni Burundi. Alipobatizwa yeye, sista mmoja mzungu ambaye mama yake alikuwa akimpikia ndiye aliyempa kijiko hicho. Baadaye walipokimbia vita, yeye na mdogo wake, ndicho kitu pekee cha nyumbani alichovuka nacho mpaka. Mtoto wa kumzaa hakujaliwa. Mimba yangu iliponilaza wodini, ndiye aliyekaa nami, wakati ndugu zangu wa damu walikuwa mabingwa wa kupiga simu. Siku ile ya ubatizo alinivuta pembeni.

"Mwana wanje, huyu mwanangu, akianza kula nitakuja nimlishe nacho mimi mwenyewe. Nisubiri."

Nikamwahidi. Ningemwahidi hata ziwa lenyewe.

Shida ni kwamba nyumba yetu haikujua kijiko kile ni mnyama gani. Mume wangu alikigusisha na sumaku ya spika mbovu, hakikunasa, akatangaza ni feki. Jirani yetu aliyetokea Kasingirima alikiomba akapimie dawa ya kikohozi ya mjukuu, nikamkatalia, akaninunia. Mama yangu, kabla ya kuondoka, alikisugua kwa majivu na ndimu mpaka kikawa kinaumiza macho, kisha akakianika dirishani. Kibarazani, akitazama dirisha hilohilo, alikuwa amekaa baba mkwe.

Sasa baba mkwe, ambaye tunaishi naye, ni mvuvi wa mshipi. Kazi yake ni kukokota kitu kinachong'aa nyuma ya mtumbwi ili kuhe, samaki mkubwa anayewinda wadogo, adhani ni dagaa. Katika kazi hiyo ameshatumia vifuniko vya makopo, mkanda wa saa, na kipande cha taa ya gari ambacho sikuwahi kuuliza alikitoa wapi. Aliangalia kijiko kikimeta juani, akasema taratibu, kama mtu aliyetokewa na malaika, "Hiki kitacheza majini." Nikadhani ni utani wa kizee. Nikacheka, nikakirudisha kwenye kikasha, nikakifungia kabatini na ufunguo nikauacha palepale mlangoni.

Miezi ikapita. Mama wa ubatizo akapiga simu kuuliza kama mtoto ameanza kukaa. Nikamwambia anakaa, anapiga kelele, anataka kila tunachokula. Akasema basi Jumamosi atakuja. Nikaenda kabatini kwa furaha. Kikasha kilikuwepo, na ndani yake kulikuwa na kijiko cha chai cha bati, kile chetu kilichopinda.

"Baba," nikamuuliza baba mkwe, "kijiko cha mtoto kiko wapi?"

"Kazini."

Nikamwomba arudie.

"Kiko Kibirizi, kwenye mtumbwi. Nikaweka kingine ili kikasha kisikae tupu, si vizuri." Alipoona uso wangu akaanza kujitetea. "Lakini sikukata mpini, mkwe wangu. Wenzangu walisema nikate, kitacheza vizuri zaidi. Nikawaambia hapana, hiki ni cha kanisani."

Alikuwa amekitoboa tu: tundu moja juu ya mpini kwa ajili ya mshipi, na jingine kwenye ncha ya kijiko chenyewe kwa ajili ya ndoano. Nilikasirika mpaka nikashindwa kumwita baba. Mume wangu akashauri tundu lizibwe kwa risasi na fundi redio. Jirani, ambaye alishaacha kununa ili asipitwe, akashauri tuseme limetobolewa makusudi, uji upoe haraka. Nikawafukuza wote jikoni. Niliogopa kweli. Tayari nilimwona kichwani mama yule akitazama tundu lile, akiaga kwa adabu, na asirudi tena kwetu.

Jumamosi baba mkwe alivaa koti lake la misibani. Alikuwa amepika kuhe kwa mawese, mwenyewe, na kijiko akakileta juu ya sahani, ndoano ikining'inia. Fundo la ndoano, alisema, lilimshinda kufungua.

Mama wa ubatizo alikichukua. Akakigeuza. Akapitisha kucha kwenye tundu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia.

"Kimekamata nini?" akamuuliza baba mkwe.

"Kuhe, mama," akajibu, amesimama wima kama mwanafunzi. "Huyo wa kwenye sufuria. Na wenzake. Nyumba hii haijanunua kitoweo tangu nianze nacho."

"Ego," akaitikia polepole kwa lugha ya kwao. "Kule kambi ya wakimbizi nilikuwa nakisafisha kila jioni. Mdogo wangu alikuwa ananiuliza, dada, leo tunakula nini nacho? Na hakuna. Nina kijiko cha fedha mkononi, na mtoto analala na njaa. Hiki kijiko hakijawahi kuleta chakula. Hata siku moja."

Akaomba kisu, akakata fundo, akamweka binti yangu mapajani. Akachota mchuzi wa kuhe na kuziba tundu kwa kidole kwa chini. Alikuwa analia, na kila alipoinua kidole kujifuta machozi tundu lilibaki wazi, mchuzi mwekundu ukavujia gauni jeupe. Binti yangu hakujali. Alimeza kilichobaki, akafungua mdomo, akasubiri kingine.