Nyumba ya Malkia

Kwanza nilisikia vioo vikigongana ndani ya karatasi, ndipo mjomba akatokea mlangoni. Alifanya kazi maabarani, na wiki ile askari walikuwa wamewachukua wenzake wawili. Jioni hiyo alikuwa anakimbilia Kenya, lakini alikuwa ameniahidi nyumba ya malkia wangu, sisimizi niliyemwokota uani kwetu Mengo baada ya mvua, mabawa yameshapukutika.

"Sisi wenzenu tunawakaanga, nyinyi mnawajengea!" bibi alicheka.

"Mama, huyu si kumbikumbi," mjomba akamjibu.

Mjomba alipanga mkekani neli tatu za kioo, mirija ya maabara. Katika kila moja alitia maji kidogo, akayazuia kwa pamba, kisha akaipindua. Moja ilivuja, akaiweka kando. Mimi nikashika ile pana, iliyong'aa.

"Hapana, mwanangu," akaniambia. "Aliye peke yake hatafutiwi ukumbi. Mpe chumba ambacho akinyoosha vipapasio vyake atagusa ukuta."

Tukachukua ile nyembamba yenye mikwaruzo. Malkia aliingia mwenyewe, polepole, akatulia karibu na pamba yenye maji. Mjomba akaziba mdomo wa neli kwa pamba kavu, akaifunika kwa kitambaa cheusi.

"Usimchungulie kila saa. Hatakula mpaka watoto wake watoke."

"Watatoka lini?"

"Baada ya mwezi, labda zaidi."

"Na wewe utarudi lini?"

Aliinua kitambaa, akakagua tena pamba ambayo haikuwa inavuja. Kisha akanishika kichwa, akachukua mkoba wake. Bibi akafunga mlango nyuma yake taratibu, majirani wasisikie.