Kwato za Malafyale

Siku hizi kondoo akichechemea pale Ikuti, watu wanamwita Felista. Naye hufika mbio, kisu kidogo mkononi, utadhani kaitwa harusini. Lakini acha nitoboe siri: mama huyuhuyu ndiye aliyewaozesha kwato kondoo wake mwenyewe, tena kwa mapenzi!

Marehemu mumewe alimwachia majike wanane na dume lao, Malafyale. Hilo ndilo jina la machifu wa Kinyakyusa, na kwa maringo ya dume lile, lilimkaa sawasawa. Felista aliwalea kama yai. Kila asubuhi aliangusha mgomba uliokwisha kuzaa, akaukatakata na kuwatandikia bandani ungali mbichi. Masika yalipoanza, na mvua ya Rungwe haijui kupumzika, akazidisha migomba ili wanyama wasikanyage tope.

Mara jike mmoja akachechemea. Wiki haikuisha, wakawa watano. Malafyale naye akawa anakula majani kapiga magoti, kwato zinanuka mpaka unaziba pua.

Hosea, mdogo wa marehemu, alikuwa na kondoo wake ng'ambo ya ua. Hofu ikamwingia. "Shemeji, huu ugonjwa utahamia kwangu. Nakupa wiki mbili. Jumamosi ya pili wasipopona, nakuja kuchinja wote."

"Wote? Hata Malafyale?"

"Naanza naye."

Felista akamkimbilia Doreen, bibi mifugo wa kata. Binti alipofika, aliinua kwato moja, akainusa, kisha akaokota kipande cha mgomba sakafuni na kukiminya. Maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Mama, ndiyo malazi yao haya? Kwato zinalowa usiku kucha, zinalainika, vijidudu vinapenya. Kisha mgonjwa anamwambukiza mwenzake."

Felista aliona haya, akajikasirikia, halafu akapasuka kicheko. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu! Kumbe nimewatandikia ugonjwa!"

Hapo mambo yakawa moto. Banda la zamani likafungwa, kondoo wakahamia kwenye uchanja mkavu wa mbao, wagonjwa upande wao. Felista akajifunza kwa Doreen kuchonga kwato bila kugusa nyama. Aliwasimamisha mmoja mmoja kwenye karai la maji ya mrututu, ile dawa ya bluu ya kuua vijidudu, akiwashika midomo kwa nguvu, maana wakiyanywa ni sumu. Mikono yake ikageuka bluu, na kanisani akaimba kwaya nayo hivyohivyo bila kujali. Kila siku aliwahesabu waliosimama: wawili, wanne, saba!

Jumamosi Hosea akaja na kisu na kamba. Malafyale alikuwa amesimama uani, miguu yote minne chini. Hosea alipomrushia kamba, dume likaruka ua, likapita katikati ya shamba la chai, na Hosea nyuma yake mpaka akaangukia mtaroni, chali. Felista alipiga vigelegele huku machozi yanamtoka.

Hosea aliinuka, matope mpaka masikioni, lakini hakumfuata tena. Alirudi uani akijipangusa.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "wangu watatu wanachechemea tangu juzi."

"Unawatandikia nini?"

Hosea akatazama migomba iliyowazunguka.

Felista akanyoosha mkono wake wa bluu. "Lete hicho kisu. Twende tukachonge kwato."