Mikanda Yetu ya Kashojwa

Mwezi uliopita nilipanda gari kwenda Mbarara nikiwa nimepakata kamera ya marehemu mjomba, ile ya mikanda midogo, pamoja na mikanda yenyewe, nimevifunga kwenye kitenge. Fundi mmoja wa Ruti, mtaa wa huko Mbarara, bado ana waya na kompyuta ya zamani ya kuhamishia video zake. Kaka yangu, anayeishi ng'ambo siku hizi, alikuwa amenipigia simu: "Dada, utoe fasi yote ya foleni na mashitingi. Uache ndoa na kwaya tu. Sitaki batoto bangu baone tuliishi vile."

Njia nzima nilibishana naye kimoyomoyo.

Kama hukukulia Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, rafiki yangu, ngoja nikuambie. Tulifika Kashojwa, kijiji kimoja cha kambi hiyo, kutoka Kivu ya Kusini kule Kongo, nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kwangu mimi nyumbani ni kuta za udongo, paa la shitingi, yale maturubai ya plastiki, linalopiga kelele mvua ikinyesha, na harufu ya sombe, majani ya muhogo, ikichemka na mawese. Asubuhi nilichota maji kwa bidoni. Jioni nilichambua mawe kwenye maharage, na ng'ombe wenye pembe ndefu walipita wakitutimulia vumbi. Nilijiona mtoto kama watoto wengine.

Wageni wenye kamera ndio waliotuambia vingine. Walitupanga, wakangoja tuwe na sura za huzuni. Siku moja mgeni alimwomba bibi ashike sahani tupu. Bibi akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge chake cha kanisani. "Mi sitalia mu foto ya mutu," akasema. "Kama unataka, unipige nikicheka." Mgeni akahamia kwa jirani.

Mjomba, aliyekuwa akichuuza samaki wa ziwani, hakusahau jambo lile. Baadaye alibadilisha baiskeli yake kwa kamera kuukuu. Watu wakamcheka. "Tutajipiga siye benyewe," akawajibu. Akapiga harusi, akapiga kwaya, akapiga hata siku zisizo na lolote.

Basi, kule Ruti nilimweleza fundi alichotaka kaka. Alikuwa mtu mzima, mtoto wa askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi. Akaweka mkanda. Kazi hiyo haiharakishwi. Mkanda lazima ucheze wote, nawe ukae utazame. Skrini ikajaa mistari, kisha ikatulia: foleni ya mgao wa mahindi, jua kali, na bibi yangu katikati anaanzisha wimbo, wanawake wanaitikia wakipiga ndoo tupu kama ngoma.

Fundi akashika kipanya. "Nyabo, hapa ni laini ya chakula tu. Nakata?"

"Usikate."

"Lakini kaka yako hapana taka."

"Huyo ni bibi yangu. Sauti yake haiko mahali pengine popote duniani. Usikate hata kikohozi."

Akauondoa mkono. Tulitazama mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema polepole, "Sisi pia, kule barakisi, mama alikuwa naimba mu laini ya posho. Hakuna mtu alipiga video."

Nikamtumia kaka vyote, foleni na matope na yote. Akaninunia. Siku alipopiga simu nilisikia nyuma yake wanawe wakiimba wimbo wa bibi, wakikosea kila neno. "Banasema ubafundishe," akasema, na sauti yake haikuwa na ugomvi tena.

Bibi amezikwa Kashojwa. Mahali pa nyumba yetu pana mahindi ya mtu mwingine. Wanawake wa foleni ile wametawanyika hadi nchi ambazo majina yake bado yananishinda kutamka. Hayo yamekwenda, sijidanganyi. Lakini aibu siipokei. Kuna siku tulilala njaa, na kuna siku tuliimba, na mara nyingi ilikuwa siku ileile. Anayetaka kututazama, atutazame na vyote viwili.