Beki Aliyekataa Kuhama

Ukiandika jina la Alute Ntandu kwenye ukurasa wa takwimu za ligi, utaletewa klabu tatu: Alizeti Stars, Kati Rangers na Kilele FC. Misimu kumi na moja, klabu tatu. Asiyemjua atasema huyu naye ni walewale, mguu njiani kila dirisha la usajili likifunguliwa. Hapo ndipo damu ya Alute huchemka, maana katika misimu yote hiyo hakuhama hata msumari wa kutundikia jezi. Uwanja ulikuwa uleule wa Singida mjini, chumba cha kubadilishia nguo kilekile, na bomba la kuogea lilelile lisilotoa maji. Waliohama ni wenye timu. Kila tajiri mpya alikuja na jina lake, rangi zake na mikataba yake, na wachezaji wakasaini upya kana kwamba ndiyo kwanza wanaokotwa mtaani. Kwenye makaratasi, Alute alihamishwa mara mbili akiwa amesimama palepale.

Alitoka Ilongero akiwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto wa wakulima wa mtama, mfupi, mkaidi, beki wa kushoto. Hakuwa fundi wa kushangiliwa. Alikuwa wa kazi ngumu, na mawinga wa timu kubwa walimjua kwa sababu walirudi kwao wakichechemea. Watu wa Singida walimpenda kwa kuwa alikuwa wao. Akina mama wanaouza karanga getini aliwasalimia kwa Kinyaturu, na kila timu iliposhinda alikimbilia jukwaa la mzunguko, lile la tiketi za bei ya chini, na kubusu nembo kifuani. Nembo ya kwanza ilikuwa ua la alizeti, ya pili simba, ya tatu mlima ambao hakuna aliyejua uko wapi. Zote alizibusu kwa moyo mmoja. Aliipenda timu ile, na tusimcheke kwa hilo. Mapenzi yake yalikuwa ya kweli.

Shida ya Alute ni kwamba hakutosheka kupenda. Alitaka na wengine wapimwe kwa mizani yake. Fredrick, mshambuliaji wa Kintinku aliyelala naye chumba kimoja kambini miaka mitatu, alipochukuliwa na timu ya Mwanza, Alute hakumuaga. Msimu uliofuata Fredrick alirudi na jezi ya wageni, akaja na mkono mbele kabla mpira haujaanza. Alute akauangalia ule mkono, akageuka. Uwanja mzima ukamshangilia, na yeye akajisikia mtu.

Baada ya mechi Fredrick alimfuata kwenye basi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuudhi Alute zaidi.

"Kaka," alisema, "nikivunjika mguu leo, timu itanisubiri miezi mingapi?"

Alute alimjibu kwamba yeye anaheshimu nembo.

"Nembo ipi, kaka? Wamekubadilishia, na hawakukuuliza."

Alute alimwambia aende zake. Kwa miaka mingi baadaye alisimulia habari hiyo vijiweni, ila maneno ya Fredrick aliyaruka.

Mwaka 2022 ikaja zamu yake. Timu kubwa ya Dar es Salaam ilimtaka, mkataba wa miaka miwili pamoja na nyumba ya kuishi na familia. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na kila mtu alijua simu ya namna ile haiji mara ya pili. Mkewe Cecilia alifurahi mpaka akalia. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi hukohuko Dar, nafasi aliyoitafuta tangu Eliana, binti yao, akiwa bado ananyonya. Alimweleza mumewe jambo hilo taratibu, akamwomba, akamwekea na barua ya chuo mezani. Alute alisema atafikiria.

Siku ya pili alialikwa redioni, kipindi cha michezo cha saa kumi. Mtangazaji akamuuliza kuhusu tetesi. Pale studio, vipokea sauti masikioni, mji mzima ukimsikiliza, Alute alisema sitoki. Alisema Singida ndiyo iliyomlea na hapa ndipo atakapotundikia viatu. Alipotoka nje alikuta bodaboda zaidi ya thelathini zimejipanga zinapiga honi. Wakambeba juu juu. Ile barua ya chuo ilikaa mezani mpaka ikapitwa na tarehe, na Cecilia akaikunja akaitia kwenye Biblia.

Miezi miwili baadaye timu ikauzwa, ikawa Kilele FC. Tajiri mpya alikuwa mtu wa maneno matamu. Alipofika alimsimamisha Alute mbele ya mashabiki, akaahidi kwamba siku ya kustaafu kwake itakuwa sikukuu: mechi ya kuaga hapahapa Singida, na jezi namba tatu haitavaliwa tena na mtu. Tangu siku ile Alute aliishi kwa ahadi hiyo. Goti la kulia lilianza kumsumbua, akachomwa sindano na kucheza. Kocha alimweka benchi, akavumilia. Hakutaka kingine duniani, alitaka dakika tisini za mwisho, watu wake wakiwa jukwaani, wasimame wamuage kama mtu ambaye hakuhama. Mwezi wa nane mwaka huu ndio ulipangwa, siku ya kufungulia msimu. Ilongero walishajiandaa. Kwaya ya kanisani kwao ilishakodi lori, na vijana wa bodaboda walishakubaliana kuja mjini kwa msafara.

Mwezi wa saba mwanzoni alikuwa kwenye foleni ya kukamua alizeti, magunia yake manne miguuni, kijana mmoja wa pale mashineni alipomsogezea simu. Ilikuwa picha yake mwenyewe, imewekewa giza nyuma, na juu yake maandishi makubwa: ASANTE ALUTE. Wanasoka wanaijua picha hiyo. Wanaiita thenkyu, na ukishapewa thenkyu hakuna pa kukata rufaa. Chini yake waliandika: Kilele FC inakushukuru kwa misimu mitatu, tunakutakia kila la heri. Na chini zaidi kulikuwa na tangazo jingine kwamba timu imepata mwekezaji, inahamia mkoa mwingine, na jina jipya litatajwa.

Misimu mitatu! Alute aliyaacha magunia palepale, akaenda ofisini kwa miguu.

Alimkuta mzee Simeoni, katibu, akipanga mafaili kwenye maboksi. Huyu mzee alikuwa katibu wa majina yote matatu, na kwa yale maboksi ilionekana atakuwa wa jina la nne pia. Alute alimpa shikamoo, akaitikiwa, akaketi. Alisema hakuja kugombana. Aliuliza jambo moja tu, mechi ya kuaga. Hata kama timu inaondoka, uwanja upo, watu wapo, ichezwe hata na timu ya veterani.

Mzee Simeoni alimweleza kwamba mwekezaji mpya hana habari na ahadi za mwenzake, na kwamba kwa hesabu ya kampuni yeye ni mchezaji wa misimu mitatu kama wengine sita waliopewa thenkyu siku hiyohiyo. Alute akasema kumi na moja. Mzee akasema anajua. Wakabishana hivyo kidogo, mtu na mtu wanaojua kitu kimoja, mpaka sauti ya Alute ikapanda. Akamuuliza kama haoni aibu. Akamkumbusha Dar, akamkumbusha alivyokataa nyumba na jina kwa ajili ya timu hii.

Mzee Simeoni aliweka faili chini.

"Alute, mwanangu, ngoja nikwambie jambo ambalo nilitaka nife nalo. Tulitaka uende. Ile hela ya uhamisho wako ndiyo ilikuwa itutoe kwenye madeni. Mwenyekiti alikuwa anajiandaa kuja kukubembeleza uende, wewe ukamtangulia redioni. Baada ya mji kukubeba vile, nani angekwambia? Ulipokataa, ndipo tukaanza kutafuta mnunuzi."

Alute aliuliza kama mwenyekiti hakuwahi kusema, hata mara moja, kwamba afadhali Alute amebaki. Mzee Simeoni alifikiria kwa haki, akasema hapana, hakumbuki.

Njiani kurudi nyumbani alijiona mjinga, na ujinga wa hadharani ndio unaouma. Aliwaza atakavyowaambia kwaya. Alimwaza Fredrick, aliyetoka Mwanza akaenda timu nyingine tatu, ambaye ukurasa wake wa takwimu na wa Alute sasa zilisomeka karibu sawa. Hakujua alikuwa na hasira na nani. Matajiri walifanya biashara zao. Katibu alilinda kitumbua chake. Mashabiki walimbeba siku moja, wakamshusha.

Cecilia alikuwa nje na sinia la choroko mapajani, akizichambua. Alute alikaa kwenye ngazi akamweleza kila kitu, mwanzo hadi mwisho, bila kuficha hata lile la mwenyekiti. Alitegemea pole. Mkewe alisikiliza mikono ikiendelea na choroko.

"Kumbe hata hawakuniomba nibaki, Mama Eliana," alisema. "Miaka yote najua nawatunzia kitu chao, kumbe hakuna aliyeniomba."

"Mimi nilikuomba," Cecilia alisema. "Nilikuomba twende. Mwaka ule mtu aliyekuomba kitu ni mimi peke yangu, na jibu langu nilisikia redioni, nikiwa dukani, mwenye duka akanipongeza."

Alute alisema hakujua kwamba ilimuuma hivyo. Cecilia alisema mumewe alijua. Hakupaza sauti. Alimwambia kwamba siku ile alitaka kufunga mizigo arudi kwao Mgori, na hakwenda.

"Nilibaki kwa sababu nilikuwa nimekuahidi, Baba Eliana. Wewe kwa jina lako, mbele ya mchungaji na wazazi. Sasa niambie, wewe ulimwahidi nani?"

Aliacha kuchambua, akamwangalia, na alikuwa anataka jibu kweli. Alute aliwapitia mmoja mmoja, matajiri watatu, mwenyekiti, makocha, jukwaa zima la mzunguko, akitafuta japo mtu mmoja wa kumtaja. Hakumpata.