Klachi ya Hatua Mbili

"Dada, shafti ni shafti," tajiri wa mume wangu aliniambia huku akifuta miwani. "Kazi yake kuzunguka. Mtu mzima hatii mkono hapo."

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Tangu mume wangu akatwe mkono, nilikuwa nikienda ofisini kwa yule mzee, Changamwe, mtoto mgongoni, na kumwamkia shikamoo kila mara. Siku hiyo nilifoka.

"Shafti si shafti! Unamiliki matrekta na hujui yanavyosimama?"

Mlinzi akanitoa.

Mume wangu alikuwa utingo wa trekta la kunyonya vyoo, mitaa ya Magogoni na Mishomoroni, kwenye vichochoro ambavyo lori haliingii. Nyuma ya trekta pana shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye pampu ya tangi. Tangi likijaa, dereva huisimamisha shafti, utingo akainama juu yake kugeuza koki.

Trekta lao la zamani lilikuwa na klachi ya hatua moja. Ukikanyaga, magurudumu na shafti vyote vinakufa. Dereva alikuwa akipiga kelele, "Nimekanyaga!" na mume wangu akainama shafti ikiwa bado inamalizia mizunguko. Walizoea hivyo.

Kisha wakaletewa jingine, kuukuu lililopakwa rangi. Klachi ya hilo ina hatua mbili. Ukikanyaga nusu, unakata magurudumu tu, shafti inaendelea. Mpaka uushindilie mguu hadi chini ndipo nayo ife. Hakuna aliyewaambia. Dereva alikanyaga mpaka pale mguu ulipopata uzito, akadhani ndio mwisho.

"Nimekanyaga!"

Mume wangu akainama akijua inakufa. Haikuwa inakufa. Kifuniko cha shafti hakikuwapo, ikadaka mkono wa ovaroli.

Najua haya kwa sababu nilimfuata dereva uwanjani wanakoegesha matrekta, nikamwambia apande, akanyage, mimi nitazame nyuma.

"Shemeji, utaniponza."

"Panda!"

Akakanyaga. Shafti ikazunguka vilevile. Nikamwambia ashindilie. Ikasimama.

"Rudia," nikasema.

Akarudia, kisha akainamia usukani. Baadaye akaniambia yapo matrekta ambayo shafti ina wenzo wake peke yake wa kuisimamishia, klachi haiigusi kabisa.

"Utayasema haya kwa maandishi?"

"Nina watoto, shemeji."

"Mimi nina nini, kuku?"

Siku iliyofuata nililiona trekta lile lile Mishomoroni, utingo mwingine amesimama nyuma, shafti wazi.

Nilipotolewa kwa tajiri nikaenda moja kwa moja ofisi ya kazi. Karani akaniuliza kama nina shahidi.

"Yupo. Hatakuja."

"Basi mama, usitarajie sana. Andika kwa kifupi."

Nikaandika nimesimama, mtoto akinivuta nywele:

"Mimi ni mke wa mfanyakazi aliyekatwa mkono wa kulia na shafti ya trekta. Mwajiri ameripoti kuwa ni uzembe wake. Napinga. Trekta lao, ambalo klachi yake husimamisha kila kitu, lilibadilishwa, wakaletewa lile ambalo klachi ikikanyagwa nusu shafti haisimami. Yeye na dereva hawakuelezwa. Shafti haikuwa na kifuniko na mpaka leo haina. Naomba neno uzembe liondolewe kwenye jina lake. Naomba mkague trekta hilo kabla utingo aliyepo sasa hajainama."