Fundi Aliyesoma Kola

Ujumbe ulikuja asubuhi kutoka kwa shangazi: fundi cherehani wetu wa Pasiansi amefariki. Niliandika "pole", nikafuta, nikaandika "poleni", nikafuta tena. Kabla sijakubaliana na nafsi yangu, shangazi alishapiga simu kuuliza kama na mimi nimepatwa na jambo. Wasomaji wangu mnanijua: shahada ninayo, uamuzi sina. Marehemu hakusoma sana, lakini alikata kitambaa bila kupima mara mbili.

Kazi yake ilikuwa sare za shule, na kwa miaka mingi alijifunza kuzisoma. Goti likichanika, alisema, huo ni mpira. Kwapa likiachia, mtoto amekua na mzazi hajapata sare nyingine. Ila kola ikining'inia, hapo umepita mkono wa mtu mzima. Msichana wa kidato cha pili, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alipeleka kola mara tatu ndani ya muhula mmoja. Zamani alikuwa na maneno ya kutuchosha wote. Sasa alisinzia darasani, mkasi ukidondoka aliruka, na alishaanza kuulizia kazi za ndani Sengerema ili aache shule, avuke ziwa. Sisi majirani tukasema ni balehe. Mimi niliyesikia kila kitu ukutani nilikuwa nikitafakari namna bora ya kuingilia. Nilitafakari muhula mzima.

Fundi hakuwa na muda huo. Baba wa msichana, mbeba magunia ya dagaa, alipopita na shikamoo yake, mama fundi aliitikia marahaba huku akivuta futi shingoni.

"Njoo nikupime."

"Mbona sijaleta kitambaa, mama?"

"Napima mkono. Ile kola niliipiga nyuzi mbili. Nataka kuujua mkono ulioishinda."

Wateja walicheka. Baba akajitetea: "Hata mimi nilipigwa, na nimekuwa mtu."

"Mtu gani? Binti akisikia kikohozi chako anajifungia chooni!"

"Maisha magumu, mama. Nabeba kutwa, nafika nyumbani hakuna unga."

"Umaskini naujua, nakaa nao. Hauna mikono. Kaa hapo unywe chai, hasira ipoe, ndipo uende."

Alikaa, na wiki ile yote akawa anapita kukaa. Sidanganyi kwamba chai ilimaliza mambo. Mwezi uliofuata ililetwa kola ya nne, na safari hiyo fundi alifunga kibanda, akaongozana na binti hadi ofisi ya ustawi wa jamii. Baba akaitwa, akaonywa, akafuatiliwa. Binti alibaki shuleni, ingawa ulipita mwaka kabla hajacheka bila kwanza kutazama mlango.

Juzi, nikitoka kwenye mazishi ya fundi, nilisikia mtoto akilia nyumba ya pili. Miguu ilinitangulia, nikajikuta nabisha hodi. Mwenye nyumba akafungua, mkanda mkononi. "Unasemaje?" Sikuwa nimeandaa neno hata moja. Nikaomba chumvi. Akanitazama, akauweka mkanda juu ya kabati, akaingia jikoni kuitafuta. Kilio kikakoma. Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kueleza, kwa kigugumizi. Nimejifunza kwamba mtoto anayepigwa hangoji jirani mwenye hotuba nzuri. Anangoja mtu yeyote abishe hodi.