Sentimita Kumi na Saba

Katika wodi ya wagonjwa mahututi walimwita Bi Futi, na jina alilitafuta mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa ya uuguzi hakumwekea mgonjwa mashine ya kupumulia kabla ya kumnyoosha kitandani na kumpima kwa futi ya utepe, utosini hadi kisiginoni. Wauguzi wageni wakiuliza kwa nini wasitumie kilo za mizani, aliwacheka.

"Mtu hunenepa tumbo, jamani. Mapafu hayanenepi. Hewa tunapima kwa urefu."

Basi siku moja akaletwa fundi viatu aliyetoka kupasuliwa moyo. Wagonjwa watatu walikuja kwa mkupuo, futi ilikuwa chumba cha pili, na Bi Futi alishaanza kujiona bingwa. Akamtazama mzee yule, kifua kipana, mabega ya mpiga ngumi, akasema, "Huyu sentimita mia moja sabini na tano." Akaseti mashine, akaenda zake kwa mwingine.

Kesho yake picha ya kifua ilionyesha mapafu yamejaa maji. Ndipo akampima. Mia moja hamsini na nane. Saa zote hizo mashine ilikuwa ikimsukumia mzee wa watu hewa robo zaidi ya stahili yake. Akapunguza hewa, akamweleza daktari bila kujitetea. Daktari akasema mapafu huweza kuharibika baada ya upasuaji wa moyo hata bila kosa la mtu. Maneno hayo hayakumwingia.

"Andika taarifa," daktari akaongeza. "Na mkewe umwambie."

Taarifa aliandika siku ileile. Mke ndiye aliyemshinda. Kila akija kumtazama mumewe, mama yule alimshika muuguzi mikono, akimwita mwanangu, na Bi Futi akameza maneno. Aliona haya.

Siku ya tano mashine ikatolewa. Fundi akalalamika kwa sauti ya mkwaruzo kwamba mto ni mgumu. Mkewe akatoka analia na kucheka.

"Mwanangu, umeniokolea mume."

"Mama, keti kidogo." Akamweleza yote. "Nilikisia. Sikumpima. Nisamehe."

Mama akachomoa mikono yake taratibu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya pili, mama."

"Na mimi kila nikisali nilikuwa nakutaja wewe kwanza, ndipo namtaja mume wangu."

Akainuka, akarudi kwa mumewe. Bi Futi hakuweza kumfuata.